Kashe ya posta: duara ndogo inayoshuhudia Beni na Butembo

Hapa tumezoea kusoma mambo ya kahawa, ya mihogo, ya barabara mbaya. Leo naomba ruhusa mnivumilie nitoke katika shamba kidogo, niwaletee kitu ambacho wengi tunakitupa bila kukiangalia: kashe ya posta juu ya bahasha ya zamani. Wengine wanasema muhuri. Sisi huku tunasema kashe, na nitaendelea hivyo.

Kwanza tutofautishe mambo mawili, maana watu wanachanganya. Tembre ni ile karatasi ndogo yenye picha na bei. Kashe ni alama ambayo karani wa posta anapiga juu ya tembre ili isitumike mara ya pili. Zamani kashe ilikuwa chuma chenye mpini kama nyundo ndogo. Mbele iko duara, ndani ya duara jina la mahali, na katikati tarehe ambayo karani alipaswa kubadilisha kila asubuhi kwa mkono. Anagonga juu ya kitambaa cha wino, kisha juu ya barua, pa! Kwa sababu ni mkono wa mtu, hakuna kashe mbili zinazofanana kabisa. Moja imejaa wino, nyingine nusu haionekani, nyingine tarehe imewekwa miguu juu kwa sababu karani hakuangalia vizuri. Makosa hayo njo wakusanyaji wanayapenda kuliko kitu chote.

Na wakusanyaji wako wengi, lakini si kwetu. Wako Ubelgiji, Uingereza, Marekani. Kuna hata chama kizima cha kujifunza posta ya Kongo ya Wabeleji, kinaitwa Belgian Congo Study Circle, na wawili kati ya watu wa kazi hiyo, Heim na Keach, waliandika kitabu cha kashe za Kongo toka 1886 mpaka 1960, ofisi moja moja. Jenerali Du Four naye aliandika historia ya posta yetu ya miaka 50, 1886 mpaka 1936. Mtu aliyezaliwa Mulekera au Vulamba akitaka kujua kashe ya kwao ilikuwa na umbo gani, analazimika kuuliza mzee wa Brussels. Hiyo peke yake ilinitosha kunifanya nianze kutafuta.

Turudi mwanzo. Dola Huru la Kongo, lile la Leopold II, liliundwa mwaka wa 1885. Tembre zake za kwanza zilitoka tarehe 1 Januari 1886, zenye kichwa cha Leopold mwenyewe: santimu 5, 10, 25, 50, na baadaye mwaka ule ule ile ya franka 5. Angalieni haraka hiyo: wakati ule Dola halikujua hata mipaka yake, barabara hazikuwepo, lakini tembre zilikuwepo tayari. Mimi ninaona sababu yake ni nyepesi. Tembre ni bendera ndogo. Barua ikifika London au Berlin na tembre ya Kongo juu, na kashe ya Kongo juu ya tembre, wale wa huko wanalazimika kukubali kwamba kule Kongo kuna Serikali.

Ofisi za kwanza zilikuwa kule chini mtoni, karibu na bahari: Banana, Boma, Vivi. Vivi ilikuwa makao makuu ya kwanza, lakini mwaka 1886 makao yakahamia Boma na Vivi ikafa polepole. Ndiyo maana kashe ya VIVI leo inatafutwa kama dhahabu. Ofisi iliishi muda mfupi, wazungu waliokuwepo pale wachache, na kati ya barua zao ni chache zilizotunzwa. Kuna pia tembre ya franka 5 waliyoipiga kwa mkono maneno COLIS POSTAUX Fr. 3.50, mwaka 1887, kwa ajili ya vifurushi, maana tembre ya bei hiyo hawakuwa nayo. Karani anakosa kitu, anachukua kile kilichopo, anakigonga kashe, kazi inaendelea. Mkongomani yeyote anaelewa mtindo huo! Leo tunauita article 15. Kumbe Serikali yenyewe ilianza nao.

Mwaka 1894 zikatoka tembre nzuri zaidi, zilizochorwa kufuata picha za Robert Mols na Piet van Engelen, wachoraji waliotengeneza mchoro mkubwa wa Kongo kwa maonyesho ya Antwerp mwaka ule. Zilichapwa London kwa Waterlow. Kuna bandari ya Matadi, kuna maporomoko ya Stanley, kuna daraja la reli, kuna kuwinda tembo. Ile ya santimu 15, iliyofuata mwaka 1896, inaonyesha mtu anapanda mchikichi. Sisi wa agro tungeweza kuichukua kuwa nembo ya fakulte. Lakini angalieni pia jambo moja: mtu anapanda mchikichi kwa furaha juu ya tembre, na wakati ule ule watu wa kweli walikuwa wanakatwa mikono kwa sababu ya kaucho. Tembre inasema kile Serikali inataka kusema. Kashe haisemi uongo wa namna hiyo. Inasema tu: barua ilikuwa hapa, siku hii.

Sasa tuje kwetu, na hapa lazima tutenganishe posti na posta. Posti ni kambi: bwana mzungu mmoja au wawili, askari, bendera, nyumba za miti. Posta ni ofisi yenye kashe. Posti inaweza kukaa miaka mingi bila posta. Bwana anaandika barua yake, anampa mjumbe, mjumbe anatembea mpaka ofisi iliyo mbele, na kule njo barua inapigwa kashe ya kwanza. Kwa hiyo bahasha inaweza kuandikwa Beni na kubeba jina la mahali pengine kabisa. Anayetafuta barua za zamani za Beni kwa kuangalia kashe tu atapita juu yake na asiijue. Lazima afungue, asome juu kabisa pale mwandishi alipoweka mahali na tarehe, kama karatasi ya ndani bado iko.

Beni ya wakati ule haikuwa hii ya leo kwenye barabara kubwa. Ilikuwa chini, katika bonde la Semliki, na Waingereza waliandika Fort Mbeni. Na kuna hadithi moja ya kweli ambayo inaonyesha vizuri njia za barua. Mwaka 1900 Harry Johnston, aliyekuwa mkubwa wa Waingereza kule Uganda, alivuka Semliki kuja Beni akitafuta mnyama ambaye Wambuti walimweleza, wa kufanana na punda mwenye milia kwenye miguu. Afisa wa Dola pale, Luteni Meura, alimwahidi kumtafutia ngozi nzima. Meura akafa kabla ya kutimiza. Aliyemfuata, Msweden Karl Eriksson, akatuma ngozi na mafuvu mawili. Mwaka 1901 okapi akaingia katika vitabu vya sayansi, akapewa jina la Johnston. Siyo la Mmbuti aliyemwonyesha, lakini tuache hilo leo.

Ninachotaka muone ni njia. Ile ngozi haikupitia Boma. Ilikwenda mashariki, Uganda, kisha Ulaya. Chukueni ramani mtaelewa. Toka Beni kwenda magharibi, barua inaingia msitu wa Ituri, inapita Mawambi na Avakubi, inafika Stanleyville, inapanda masuwa kushuka mto mpaka Léopoldville, kisha treni mpaka Matadi (reli ile ilimalizika 1898), kisha meli ya bahari. Toka Beni kwenda mashariki, inavuka Semliki, Kasindi, inazunguka mguu wa Rwenzori, Fort Portal, Entebbe, ziwa Victoria, na toka Desemba 1901 reli ya Uganda ilikuwa imefika ziwani, kwa hiyo treni mpaka Mombasa. Wengine waliandika wenyewe juu ya bahasha njia wanayotaka, kama "via Mombasa". Barua moja ya namna hiyo inaweza kuwa na kashe nne au tano mbele na nyuma, kila moja na siku yake. Ukizipanga kwa tarehe unapata safari nzima: alitembea siku ngapi, alingoja meli siku ngapi. Hakuna ripoti ya Serikali inayokueleza hivyo.

Na muone: leo bidhaa za Butembo zinaingia kwa njia gani? Mombasa, Kampala, Kasindi. Ile njia haikuundwa na wafanyabiashara wetu wa miaka 1980 kama watu wanavyopenda kusema. Barua zilikuwa zimeijua zamani.

Majirani wa Uganda nao walikuwa na mambo yao ya kuchekesha. Mwaka 1895 misionari Ernest Millar, kule Mengo, alitengeneza tembre kwa mashine ya kuandikia, na bei aliiandika kwa simbi, maana simbi njo ilikuwa feza ya sokoni: simbi 200 kwa rupia moja. Leo ile karatasi mbaya ya mashine ni kati ya vitu ghali kabisa katika posta ya Afrika. Na pwani, Lamu, Wajerumani walikuwa na ofisi yao ya posta toka 1888 mpaka 1891 tu, halafu wakafunga. Kashe ya LAMU ya Wajerumani unaweza kufikiri bei yake.

Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ikachukua Kongo toka mikononi mwa Leopold. Tembre mpya hazikuwa tayari. Wakafanyaje? Wakachukua tembre za Mols na kuzigonga CONGO BELGE, nyingine kule Brussels, nyingine huku Kongo. Kwa mkono. Kwa hiyo kuna maandishi ya namna nyingi, manene, membamba, ya kuinama, ya kugeuka miguu juu, yaliyopigwa mara mbili. Watu wamemaliza maisha yao kuzitenganisha. Nchi nzima ilibadilisha mwenye, na ishara ya kwanza ambayo mtu wa kawaida angeweza kuishika mkononi ilikuwa maneno mawili ya wino.

Wakati wa vita ya kwanza, mwaka 1916, askari wa Kongo waliingia Ruanda na Urundi, wakafika Tabora mwezi wa Septemba. Wapagazi kutoka Kivu walibeba mizigo, na majina yao hakuna kashe iliyoyaandika. Tembre za Kongo zikapigwa neno RUANDA au URUNDI. Wakusanyaji wanaziita "Tombeur", kwa jina la jenerali aliyeongoza vita ile. Zilitumika kidogo sana, kisha zikabadilishwa na nyingine zenye maneno marefu ya lugha mbili, kusema kwamba ni eneo la Wajerumani ambalo Wabeleji wanalikalia tu. Siasa yote ile iko pale: neno fupi RUANDA linasema "ni yetu", maneno marefu yanasema "tunangoja mkutano wa amani". Na kwa sababu Tombeur za kweli ni chache, za uongo ni nyingi. Mtu akikuletea moja sokoni na kukuapia kwamba ni ya babu yake, mwambie asante, uende nyumbani.

Kuhusu uongo, tukae hapa kidogo. Fundi mkubwa wa kuiga alikuwa François Fournier wa Genève, aliyekufa 1917. Aliiga tembre za dunia nzima, na kashe pia, na hakujificha: alisema anauzisha mifano kwa wale wasio na feza ya kununua za kweli. Mwaka 1928 chama cha watu wa tembre wa kule kilikusanya masalio yake katika albamu, ili watu wajifunze kutambua. Wengine waliomfuata hawakuwa na adabu hata hiyo.

Namna ya kukamata uongo ni kazi ya akili kuliko ya macho. Tembre ya Mols ilitoka 1894. Kashe juu yake ikisema 1890, imekwisha. Maneno CONGO BELGE na kashe ya kabla ya Novemba 1908, imekwisha vilevile. Wino wa kashe lazima uvuke toka tembre kwenda bahasha. Ukiishia kwenye mpaka wa tembre, labda tembre imebandikwa jana. Wino ukiingia ndani ya mpasuko wa karatasi, kashe imepigwa baada ya karatasi kupasuka. Ni kama tunavyoangalia jani lenye ugonjwa: usikimbilie jina la ugonjwa, angalia kwanza doa limeanzia wapi.

Butembo ni kijana katika historia hii. Mji ulianza kukua miaka ya 1920 na dhahabu ya kampuni Minière des Grands Lacs, ile MGL ambayo wazee bado wanaitaja. Mwaka 1928 likaja Comité National du Kivu, CNKi, kugawia makoloni mashamba. Mwaka 1929 mapadre wa Assomption wakafika. Kampuni, makoloni, misioni: hao watatu njo walioandika barua nyingi. Bahasha moja niliyoishika mwenyewe hapa mjini ni ya miaka ya 1950, kashe BUTEMBO safi kabisa, juu ya tembre za maua, zile za 1952 zenye majina ya Kilatini: Gloriosa, Protea, Hibiscus. Mwenye nayo aliniuliza kama maua yana bei. Maua hayana bei, zilichapwa nyingi sana. Ila kashe ya ofisi ndogo ikiwa kamili, juu ya bahasha kamili, na anwani inasomeka, hapo mambo yanabadilika. Tembre moja unaipata popote. Ushuhuda kwamba ilipita mkononi mwa karani wa Butembo siku fulani haupatikani popote.

Tena sisi tuna bahati moja. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Costermansville ikarudia Bukavu. Beni, Butembo, Lubero, Kasindi: majina yalibaki. Mtoto wa shule anaweza kuisoma kashe ya babu wa babu yake bila kamusi.

Lakini ziko wapi? Barua zilizotoka huku ziko Ulaya, maana zilipokelewa kule, na familia za mapadre na makoloni zilizitunza katika masanduku, halafu wajukuu wakaziuzisha mnadani. Huku kungebaki zile zilizoingia na zile za ndani ya nchi: Butembo kwa Lubero, Beni kwa Irumu, kampuni kwa teritwari. Hizo njo zimekufa. Vita ya Mulele ya 1964 ilipita hapa, ofisi zikavunjwa. Ikaja 1996, ikaja 1998. Toka Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa na wanakimbia, na anayekimbia usiku habebi sanduku la karatasi, anabeba mtoto. Zilizobaki, mama wa sokoni anafungia kalanga. Simlaumu, karatasi ya zamani ni ngumu na haipasuki.

Mtu atasema: watu wanakufa, wewe unatuletea bahasha. Nimelisikia hilo na si swali baya. Jibu langu ni la mtu wa ardhi. Wengi wetu tunafanya kazi katika migogoro ya mashamba: koloni aliondoka, kampuni ilifilisika, shefu aligawa, mpaka wa Parke umesogezwa (Parke Albert iliundwa 1925, na upande wa Semliki ukaongezwa 1935). Kila upande unaleta karatasi, na kila upande unasema karatasi ya mwingine iliandikwa jana. Wafaransa wana usemi wa sheria: kashe ya posta inaaminiwa kwa tarehe. Barua ya shefu kwa teritwari, ikiwa bado ndani ya bahasha yake yenye kashe ya LUBERO na mwaka, ni ngumu zaidi kuikana kuliko karatasi iliyochapwa bila tarehe. Nimeona mafaili ambamo barua zilitunzwa na bahasha zikatupwa. Walitupa sehemu iliyokuwa na nguvu.

Kwa hiyo mambo machache kwa yule ambaye baba au babu alikuwa karani, katekista, kapita wa shamba au mwalimu. Usikate tembre toka bahasha. Usiziloweshe majini, watoto wanapenda sana mchezo huo. Usibandike kwa gundi wala skoch, gundi ile inageuka njano na kula karatasi. Usiandike juu yake kwa biki. Ukitaka kuandika, tumia kalamu ya risasi, nyuma, taratibu. Weka ndani ya karatasi safi, mahali pakavu, mbali na jiko, maana moshi wa Butembo na unyevu wetu wa milimani ni adui wawili. Piga picha mbele na nyuma, mchana, bila flashi, na uandike nani alikupa na ilitoka nyumba gani. Mnunuzi akija na haraka na dola mkononi, mwambie arudi wiki ijayo.

Mimi naanza orodha ya kashe za Grand Nord: BENI, BUTEMBO, LUBERO, KASINDI, na posta yoyote ndogo ambayo mtanionyesha. Naweka jina jinsi lilivyoandikwa ndani ya duara, rangi ya wino, tarehe ya zamani kabisa na ya mwisho kabisa tuliyoiona kwa macho yetu. Bahasha zibaki kwa wenyewe. Picha tu zinatosha, hata kama kashe ni nusu.